Mfuko Mmoja kwa Shamba la Rweya

Msimu ule dada yangu hakukaa chini. Akipika alisimama, akila alisimama, na tukizungumza kwa simu nilisikia nyayo zake zikipasua majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba ya mama, kijijini Kituntu. Mimi nilikuwa naishi Kayanga, nikifanya kazi kwenye redio ya pale mjini, na kila jioni nikitoka kazini nilimpigia. Kabla hatujasalimiana vizuri aliuliza mawingu ya huku niliko yamekaaje, kana kwamba kati ya Kayanga na Kituntu kuna mbingu mbili.

Alikuwa na sababu. Dada aliolewa Kyerwa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na watoto wake wawili na godoro. Kwetu mtoto wa kike anayerudi hupewa chumba, hupewa mkungu wa ndizi, hupewa pole. Ardhi ni habari nyingine. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilikwenda kwa kaka yetu anayeishi Mwanza, na mama ndiye anayekitunza. Kilichobaki ni kipande cha rweya, zile nyasi za mlimani zilizo nje ya kibanja, ambacho marehemu baba alikilima pale tu alipojisikia. Baba mdogo, aliyebaki mkubwa wa ukoo, alitaka kukipanda mikaratusi. Kikao kiliketi, watu wakabishana mpaka chai ikapoa, na wakatoka na uamuzi huu: dada alime mahindi msimu mmoja. Rweya ikimpa mavuno ya kulisha watoto wake, kipande ni chake. Isipompa, ipandwe miti.

Aliyewabana wakubali hata hilo ni shangazi yetu, dada mkubwa wa baba na baba mdogo. Bila yeye miche ingekuwa imeshachimbiwa mashimo.

“Nimepewa mtihani,” dada aliniambia, “na wasahihishaji ndio wanaotaka niufeli.”

Asiyeijua Karagwe anaweza kudhani rweya ni ardhi iliyopumzika, na kwamba ardhi iliyopumzika ina nguvu. Sivyo. Kila kizuri cha nyumbani huishia kwenye kibanja. Samadi, maganda ya ndizi, mashina ya maharage, majivu ya jikoni, hata nyasi zenyewe za rweya hukatwa na kutandazwa chini ya migomba. Hivyo ndivyo tulivyokuta, na hakuna anayefikiria mara mbili. Rweya imekuwa ikitoa tangu zamani bila kurudishiwa. Ukivuka mstari wa mwisho wa kahawa unauona mpaka kwa macho: huku udongo mweusi unaoshika vidole, kule udongo wa rangi ya biskuti, una changarawe, ukiufinya unatoka kiganjani kama mchanga.

Kwa hiyo ilikuwa lazima mbolea ya dukani. Dada alijiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, akangoja ujumbe kwenye simu, na ulipofika akaenda ghalani akakuta foleni imezunguka jengo. Zamu yake ilipofika walikuwa wamebakiza mfuko mmoja mdogo, ule wa nusu, wakati shamba lake lilitaka mfuko mkubwa mzima. Akaubeba kichwani hadi kwenye pikipiki. Aliponipigia sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida.

“Ni wa kupandia,” alisema. “Wa kukuzia hakuna. Huu nao ni nusu ya ninachohitaji. Njoo Jumamosi. Njoo na vifuniko vya soda.”

Nilikusanya vifuniko kwenye mgahawa wa karibu na kazini. Habari ya vifuniko niliijua vizuri kwa sababu niliisoma hewani kila msimu, kwenye kipindi cha wakulima: usimwage mbolea shamba zima, tia kifuniko kimoja cha soda katika kila shimo, funika kwa udongo kidogo, kisha weka mbegu, kisha funika tena. Kidogo, lakini karibu na mdomo wa mmea. Niliisoma kama ninavyosoma matangazo ya vifo, kwa sauti ya utulivu, halafu naenda kula. Sikuwahi kukiinamia kifuniko hicho juu ya shimo la kweli.

Jumamosi nilifika asubuhi, na kumbe kikundi kilikuwa kimeshaanza. Ni wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwa mwenzako, na shangazi ndiye kiongozi wao. Walikuwa wamenyoosha kamba yenye mafundo, wengine wanachimba mashimo pale penye fundo, wengine wanafuata na mbegu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Rwanda na anga lilikuwa jeupe tupu. Nilimwamkia shangazi.

“Marahaba. Wewe wa redio, leo tuone kama jembe nalo lina kipaza sauti.”

Wakacheka. Nilichukua jembe nikachimba, na dakika chache baadaye nikaanza kusikia harufu. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, kama ukifungua banda la kuku ambalo halijafagiliwa. Macho yakajaa machozi. Nikainua kichwa na kuona inatoka wapi: juu ya shamba, kando ya njia, shangazi alikuwa ametandika turubai. Juu yake kulikuwa na rundo la majivu aliyoleta kutoka majumbani mwa wanakikundi, na kando yake mfuko wa mbolea umefunguliwa. Alimimina punje kwenye majivu, akanyunyiza maji ili upepo usiyapeperushe, akachanganya kwa mikono yake mwenyewe, viganja vimejaa ujiuji wa kijivu.

“Mbona tunalia?” mwanamke mmoja aliuliza akifuta macho. “Kuna msiba?”

“Ndiyo nguvu hiyo,” shangazi alisema. “Nimesema kidogo hakitoshi mpaka kichanganywe. Unga ukipungua hatutii muhogo? Sasa kitafika shamba zima, na bado mnakisikia kilivyo kikali.”

“Ingekuwa pombe tungelewa kwa kunusa.”

“Mume wangu angekuwa na nguvu hii nisingekuwa hapa nalima vya watu.”

Walicheka tena, na dada naye akacheka, lakini miguu yake ilikuwa inacheza. Alikuja mpaka nilipo akaninong’oneza: “Wewe unayesoma hayo mambo. Majivu yapo?”

Nikamwambia hayapo. Sikuwahi kusoma neno lolote kuhusu majivu, la kuyataka wala la kuyakataza. Hata hivyo jambo moja lilinisumbua: kitu kinachonuka mpaka wachimbaji walio mita nyingi chini wanalia, kimo ndani ya turubai au kimo hewani? Nilijaribu kuendelea kuchimba nikashindwa. Nikaweka jembe chini, nikapanda juu ya kichuguu ambako simu hushika mtandao, nikampigia bibi shamba wa eneo letu. Ni mwanamke wa Muleba, hajafika umri wa dada. Alikuwa Kiruruma siku hiyo, na nilisikia pikipiki yake ikizimwa.

Nikamweleza. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama majivu yana maji. Nikasema yana maji.

“Waambie waache sasa hivi. Hiyo harufu ndiyo mbolea. Majivu na ile ya kupandia havikai pamoja, yanaifanya ile sehemu ya kustawisha majani iruke. Mnainusa ikiondoka.”

“Yote?”

“Siyo yote. Ya mizizi inabaki, sehemu kubwa. Lakini acheni.”

Nilishuka nikamwambia dada. Alinisikiliza huku ameshika kifuniko cha soda mkononi, na macho yake yalienda kwenye turubai. Nilijua anahesabu nini. Shangazi ndiye aliyempatia msimu ule. Shangazi ndiye ambaye sauti yake ingehitajika tena wakati wa mavuno. Na pale alikuwa mbele ya kikundi chake, mikono mpaka viwiko kwenye kazi aliyoibuni mwenyewe, kwa sababu majivu ndiyo yaliyomjengea jina: migomba yake inajulikana, na kila mtu anajua kwamba tangu ujana kila alfajiri huyabeba majivu ya jikoni na kuyamwaga kwenye shina moja baada ya jingine. Kumsimamisha ni kumvunjia heshima. Kunyamaza ni kutazama mfuko ukipanda mbinguni.

“Tupumzike tunywe uji,” dada alisema kwa sauti.

“Tumeanza sasa hivi,” mtu akamjibu.

“Uji ukipoa ni wenu.”

Wakaenda kwenye kivuli cha migomba. Dada akabaki na shangazi pale kwenye turubai, na mimi nikabaki kwa sababu sikuambiwa niondoke.

“Shangazi, naomba majivu yaishie hapa.”

“Yamekukosea nini?”

“Ile harufu ndiyo mbolea yenyewe. Inaondoka.”

“Nani kasema?”

“Bibi shamba. Huyu kampigia.”

Shangazi alinitazama mimi, siyo dada. “Bibi shamba ana migomba mingapi?”

Akafuta kiganja kwenye ukingo wa turubai.

“Mimi nimelisha kibanja cha baba yako kwa majivu tangu kabla hujazaliwa. Mkungu mmoja ulibebwa na wanaume wawili kwa mti.”

“Najua, shangazi. Nimeula. Lakini kule hapakuwa na hizi punje. Majivu yakiwa peke yake hayana neno. Yakikutana na hizi yanazifukuza.”

“Kama unavyonifukuza wewe.”

“Sikufukuzi. Naogopa miti.”

Shangazi alisuuza mikono kwenye ndoo, polepole, kidole kwa kidole. Akajifunga kanga upya. Aliwapita wenzake kwenye uji akawaambia mgongo unamsumbua, walime tu, akashika njia ya kwake. Wanawake walimtazama mpaka akapotea nyuma ya kahawa, kisha wakatutazama sisi. Utani ukaisha.

Mfuko ulikuwa umebaki na nusu yake. Dada aliutazama ndani kama mtu anayetazama kisima. Kile kilichokwisha changanywa aliamua kitumike siku hiyohiyo kwenye mistari ya juu, kando ya njia, kwa kuwa kukimwaga kusingerudisha kitu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya upande wa chini. Kifuniko kizima kisingefika hata robo ya shamba. Akachukua msumari, akakwaruza mstari ndani ya kila kifuniko, katikati ya kimo chake.

“Mwisho hapa,” alisema akiwapa. “Ukizidisha shimo hili unanyima lile.”

“Hii ni dawa ya kikohozi,” mwanamke mmoja akanung’unika.

“Basi mpe mgonjwa asipaliwe. Tia udongo kidogo juu yake kabla ya mbegu. Zikigusana mbolea inaiunguza.”

Kazi ikawa ya kuinama na kunyamaza. Nilijifunza kwamba mkono unapenda kuzidisha. Ukiona punje zile chache chini ya shimo, unaona aibu, unataka kuongeza kidogo tu, na shimo la jirani nalo, na kufika mwisho wa mstari umekula mistari miwili. Dada alikuwa anapita nyuma yetu akichungulia mashimo, na akikuta umezidisha anaokota punje kwa kucha anazirudisha. Mimi aliniokotea zaidi ya wote.

Baba mdogo alipita njiani jioni akiwa na fimbo yake. Akasimama, akatutazama tumeinama na vifuniko.

“Mnapanda mahindi au mnayachanja?”

“Tunayachanja, baba mdogo. Shikamoo.”

“Marahaba. Yakitoka na ugonjwa mniite.”

Mbolea iliisha kabla shamba halijaisha. Mistari ya mwisho, kule karibu na mawe, ilipata mbegu tu. Dada hakutaka iachwe wazi kwa sababu eneo lililoachwa wazi lingesemwa kwamba limemshinda.

Mvua haikuja. Nilirudi Kayanga, na wiki iliyofuata nilisoma taarifa ya hali ya hewa kwa sauti yangu ya utulivu huku nikichungulia dirishani. Dada alikuwa anapiga mara nyingi kuliko kawaida. Alichimbua shimo moja kuona kama mbegu imeoza. Akachimbua la pili kuhakikisha la kwanza. Siku moja aliniambia ameona mchwa. Siku nyingine alisema upepo umebadilika, nikamuuliza umebadilika vipi, akasema hajui, umebadilika. Mama alichukua simu akasema, “Mwambie mwenzio akae, ananichoshea sakafu.”

Mvua ilipokuja ilikuja vizuri, ya usiku kucha, na mahindi yakatoka yote. Hiyo ilikuwa furaha ya muda mfupi. Yalipofika magotini nilienda nikasimama kwenye njia, na shamba lilikuwa limejipanga lenyewe kwa rangi. Upande wa chini, wa nusu kifuniko, ulikuwa wa kijani cha kuridhisha. Mistari ya majivu, huku juu, ilikuwa ya manjano, majani ya chini yamefifia kuanzia ncha. Na kule kwenye mawe mimea ilikuwa mifupi, kingo za majani zimeingia zambarau kama mtu aliyepigwa na baridi.

Bahati mbaya njia inapita juu. Kila aliyepita aliona manjano kwanza. Baba mdogo naye aliyaona. Alileta viriba vya miche ya mikaratusi akavipanga kivulini mwa mti wetu wa mwisho wa kahawa, akamwomba mama awe anavimwagilia jioni kwa kuwa kwake ni mbali na maji. Mama alivimwagilia. Ni shemeji yake, na miche haina kosa. Lakini dada alikuwa akipita pale anageuza uso.

Shangazi hakufika shambani tena. Kanisani tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kusalimia watu wa benchi la nyuma.

Dada akatafuta mbolea ya kukuzia. Alikwenda kuanika na kuchambua kahawa kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Bukoba, na badala ya ujira akaomba apimiwe mbolea nyeupe aliyokuwa nayo kwenye stoo. Akarudi na kopo lililojaa na mfuko wa nailoni ulioshiba kidogo. Hiyo ingetosha theluthi ya shamba, tena kwa nusu kifuniko.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na yeye, tumesimama katikati ya mahindi.

“Weka chini,” nilimwambia. “Kule yamesimama. Yape nguvu upate uhakika wa magunia.”

“Na huku juu?”

“Huku juu pameshaharibika.”

“Huku juu ndiko wanakotazama.”

“Watoto watakula kutazamwa?”

Alinikazia macho. “Wewe ukitoka hapa unapanda pikipiki,” alisema. Nilimwomba tumngoje bibi shamba kabla hajafungua kopo, akakubali, na siku mbili alizongoja alizitumia kupalilia mahali alipokwisha palilia.

Bibi shamba alikuja na matope hadi kwenye kofia. Hakutazama majani sana. Aliomba jembe, akang’oa mmea mmoja juu, mmoja chini, na mmoja kule kwenye mawe, akaikung’uta udongo na kuilaza njiani kwa mpangilio. Ule wa mawe ulikuwa na mizizi michache, kama ndevu za mwanafunzi. Ule wa chini ulikuwa na mizizi mingi. Wa juu, ule wa manjano, ulikuwa nayo karibu sawa na wa chini.

“Ndivyo nilivyotaka kuona,” alisema. “Kilichoruka ni cha majani. Cha mizizi kilibaki humo kwenye majivu yenu. Hawa wana njaa, lakini midomo wanayo. Chakula hiki ukikiweka chini utaongeza kidogo kwenye kizuri. Ukikiweka hapa juu utaona tofauti.”

“Una uhakika?” dada alimuuliza.

“Nina uhakika na mizizi. Mvua siyo yangu. Weka siku udongo una unyevu, mbali na shina kama upana wa kiganja, na ufukie. Ukiiacha juu na jua likawaka, mtanusa tena.”

“Na kule kwenye mawe?”

“Kule hata ukimpa, hana pa kupokelea. Msimu huu mwache.”

Dada aliiweka siku ya pili alfajiri, baada ya manyunyu ya jioni, bila kuwaita wenzake, kwa sababu hakutaka kikundi kione akilisha mistari ya shangazi. Nilifuata nyuma nikifukia kwa mguu. Manyunyu hayakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu aliacha kupokea simu zangu. Siku ya nne mvua ilipiga bati la studio kwa kishindo hata fundi mitambo akaniashiria nisogelee kipaza sauti, na nikasoma matangazo yote nikiwa natabasamu, jambo ambalo wasikilizaji wa matangazo ya vifo sidhani kama walilipenda.

Manjano yaliondoka polepole, yakaanzia katikati ya mmea kwenda nje. Kufikia wakati wa senene, mwishoni mwa mwaka, mistari ya juu ilikuwa imeikaribia ya chini kwa kimo, ingawa mashina yake yalikuwa membamba. Kule kwenye mawe hapakubadilika kitu.

Tulivuna jua likiwa kali. Mahindi yaliyopukuchuliwa yalifunika mikeka yote ya mama na ya majirani wawili, na watoto wa dada walipewa kazi ya kufukuza kuku, kazi waliyoifanya kwa ukatili. Ukoo ukaja kuona. Baba mdogo alizunguka mikeka, akachota punje, akazitafuna moja.

“Ni kavu,” alisema. “Ni mavuno, sikatai. Lakini msimu mmoja unaweza kuwa bahati. Mvua ilikuwa nzuri. Alime tena, tuone wa pili, kisha tuzungumze.”

Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Lilisikika kama jambo la busara. Dada alikuwa amesimama na ungo mkononi, akaanza kupepeta mahindi yaliyokwisha pepetwa. Msimu wa pili ungekuwa na mfuko upi? Na baada ya wa pili, wa tatu?

Shangazi alikuwa amekuja pia, wa mwisho, na hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alikwenda moja kwa moja shambani, tukamfuata. Alifika kwenye mistari ya juu ambayo tulikuwa hatujamaliza kuivuna, akavunja hindi, akalimenya.

“Hii ndiyo mistari niliyoichoma?”

“Ndiyo uliyoipa mizizi,” dada alisema.

“Usinipake mafuta.”

“Kasema bibi shamba. Mimi nilidhani umeichoma.”

Shangazi aliguna. Kisha akaenda mpaka kwenye mawe, akavunja hindi la kule, dogo kama kidole gumba, lina punje upande mmoja. Akalishika pamoja na lile la juu, akamgeukia mdogo wake.

“Kikao kilisema nini?”

“Dada, sikatai mavuno—” baba mdogo alianza.

“Kilisema nini?”

“Kilisema ikilisha watoto.”

“Watalishwa?”

Baba mdogo alitazama upande wa mikeka. “Watalishwa.”

“Kilisema mara mbili?”

“Hakikusema.”

“Basi kaweke muramura.”

Muramura ni ule mmea wa majani marefu kama panga tunaopanda kwenye mipaka. Ukishapandwa na mkubwa wa ukoo mbele ya watu, hakuna anayeung’oa bila kikao kingine, na vikao vya namna hiyo hakuna anayevipenda. Baba mdogo alisema udongo umekauka, ingoje mvua za Machi. Lilikuwa neno la kweli pia. Lakini dada alikuwa ameshaondoka. Alirudi kutoka kwenye kibanja na vipande alivyovikata kwenye mpaka wa zamani wa baba, amevikumbatia kifuani, na ndoo ya maji mkononi.

Baba mdogo alipanda cha kwanza kwenye kona ya juu, kando ya njia. Alikishindilia kwa kisigino vizuri, kwa kuwa ni mtu anayefanya kazi vizuri akishaanza. Cha pili akakipanda kona ya pili. Kisha akasimama pale mahindi mazuri yanapoishia, akataka kuchimba hapo.

“Siyo hapo,” dada alisema. Alikuwa ameshafika kwenye mawe, kwenye mabua yale mafupi. “Hapa.”

“Hapo hapakukupa kitu.”

“Hapakupewa kitu.”

Baba mdogo alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama watoto na kuku. Baba mdogo akachukua jembe, akashuka mpaka kwenye mawe, akachimba. Ardhi ilikuwa ngumu, ikachukua muda, na dada alisimama kando yake na ndoo, akihama kutoka mguu huu kwenda ule, mpaka shimo likatosha.